Kupigwa Bomba: Historia Fupi ya Nafuu

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo sikufundishwa nyumbani, wala madrasa, wala katika vikao vya chama chetu hapa chuoni. Nimelijifunza hospitalini, alasiri moja ya Ramadhani, na aliyenifundisha ni bibi yangu akiwa amelala kitandani ameshika tumbo.

Bibi alikuja kutoka Unguja kuishi nasi hapa Uingereza miaka mitatu iliyopita. Goti lilikuwa linamsumbua, akaandikiwa vidonge vikali vya maumivu. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuacha chakula. Anakaa nasi kwenye futari, anafungua kwa tende na maji, kisha anasema ameshiba. Siku aliyotapika, mama akasema twende hospitali, na kwa kuwa mama alikuwa bado yuko kazini, mkalimani nikawa mimi.

Daktari aliuliza mgonjwa amepata choo lini mara ya mwisho. Mimi nikamgeukia bibi nikasema, "Bibi, daktari anauliza mara ya mwisho ulikwenda chooni lini?" Bibi akajibu, "Nakwenda kila siku." Nikatafsiri, daktari akaandika.

Bila shaka alikwenda chooni kila siku. Alikwenda mara tano na zaidi, akatawadha, akarudi kusali. Lakini mimi nilikuwa nimeuliza habari za chumba, na daktari aliuliza habari za tumbo. Daktari alipombonyeza tumbo akakunja uso, akaniambia niulize tena. Mara hii nikasema, "Bibi, unapata choo?" Akanyamaza. Akaangalia ukuta. Kisha akasema polepole, "Siku ya tisa leo."

Siku tisa, na hakuna aliyejua, kwa sababu mambo hayo hayasemwi mbele ya watoto.

Daktari akaeleza kinachofuata, na hapo ndipo Kiswahili changu kilipokwisha kabisa. Sikuwa na neno. Nikaanza, "Bibi, wanataka kukutia maji... kwa mpira... kwa nyuma..." Bibi akanitazama, na pamoja na maumivu yote akacheka. "Sema bomba, mjukuu wangu. Mimi nilipigwa bomba kabla ya kumzaa mama yako." Kisha akauliza swali ambalo halikunijia akilini hata kidogo: "Magharibi bado dakika ngapi?"

Bomba linafunguza saumu. Mama, aliyefika wakati huo, alimwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa. Bibi akasema anaijua ruhusa tangu mama hajazaliwa, lakini zilikuwa zimebaki dakika arobaini na yeye anaweza kusubiri. Nesi aliposikia akasema hakuna tatizo, atarudi. Akarudi baada ya adhana ya kwenye simu, na tende moja.

Niliporudi chuoni nikaanza kulitafuta neno lile, na kulifuata kukanipeleka Misri, Hamadan, Paris na Michigan. Haya ndiyo niliyoyakuta. Kwa ufupi ni kwamba kwa zaidi ya miaka 3,500 watu wamejua kuwa bomba linaleta nafuu, na mara kwa mara wamekosea katika kueleza kwa nini. Kosa lao ni lile lile kila zama, na hata leo halijafa.

Tuanze na neno. Bomba ni neno la Kireno lenye maana ya chombo cha kusukuma au kuvuta maji. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakang'olewa Fort Jesus mwaka 1698, na kati ya miaka hiyo wakatuachia meza, leso, bendera, gereza na bomba. Kutoka hapo neno likaenea: bomba la maji, bomba la sindano, na bomba analopigwa mtu aliyefunga choo. Vijana wa siku hizi wakalichukua wakalifanya sifa. Ukisikia mtu anasema mambo bomba, kumbuka lilikopita.

Kwa Kiarabu huitwa hukna. Wale waliosoma madrasa watakumbuka orodha ya mambo yanayobatilisha saumu, na moja kati yake ni kuingiza kitu ndani ya mwili kwa tundu iliyo wazi. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, hukna imo humo. Mimi niliikariri nikiwa na miaka tisa bila kujua inasema nini. Katika Kiarabu cha leo neno hilo hilo linatumika pia kwa sindano, kwa hiyo msomaji wa sasa akifungua kitabu cha zamani anaweza kudhani wanachuoni walikuwa wanazungumzia sindano ya daktari. Wao walizungumzia bomba, kwa kuwa sindano tunayoijua ilikuwa haijatengenezwa bado. Na kama walilijadili ndani ya vitabu vya saumu, basi lilikuwa jambo la kawaida katika maisha ya watu.

Lilikuwa la kawaida kweli, na zamani sana. Huko Misri iko karatasi ndefu ya mafunjo iitwayo Ebers, iliyoandikwa kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, yenye mamia ya dawa. Ndani yake zimo dawa za kutiwa kwa njia ya haja kubwa. Karatasi nyingine, inayoitwa Chester Beatty ya sita, sehemu yake kubwa inahusu maradhi ya sehemu hiyo tu. Viambato ni vitu vya jikoni: asali, mafuta, maziwa, chumvi, pombe tamu. Zaidi ya miaka 4,000 iliyopita katika jumba la mfalme wa Misri alikuwapo tabibu aliyeitwa Iri, na miongoni mwa vyeo vyake kimoja kinatafsirika kuwa mchungaji wa tupu ya nyuma. Tusicheke haraka. Kilikuwa cheo cha heshima, na mwenyewe alikichonga kwenye jiwe la kaburi lake.

Wamisri walikuwa na maelezo yao. Waliamini kwamba mabaki ya chakula yakikaa tumboni yanaoza, na uozo huo unapanda kupitia mishipa ukaenea mwilini ukaleta maradhi. Herodotus, mwandishi wa Kiyunani aliyetembelea Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, ameandika kwamba Wamisri walikuwa wakijisafisha siku tatu mfululizo kila mwezi, kwa kujitapisha na kwa bomba, kwa kuwa walidhani maradhi yote yanatokana na chakula. Pliny wa Roma naye akaeleza kwamba walijifunza kwa ndege kwarara, anayejisafisha nyuma kwa mdomo wake mrefu. Hiyo ni hadithi tu, lakini si ajabu walimchagua kwarara. Thoth, mungu wao wa elimu, alichorwa na kichwa cha ndege huyo.

Hapa tayari mambo mawili yameshikana. La kwanza ni jambo linaloonekana: mtu amefunga choo, kichwa kinamuuma, chakula hakitaki, analala vibaya. Anapigwa bomba, anapata choo, na baada ya muda mfupi anajisikia mtu mpya. La pili ni maelezo: alikuwa amejaa sumu, na sumu imetoka. La kwanza ni kweli. La pili linaonekana kama linafuata tu, kama mvua inavyofuata mawingu. Lakini halifuati.

Wayunani wakarithi, na baada yao matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu wakaiendeleza kazi hii kwa ustadi mkubwa. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki kama mwaka 1013, alichora katika kitabu chake vifaa vingi vya tabibu, na miongoni mwao mabomba. Ni mrija wa fedha au shaba nyeupe, mmoja wa watu wazima na mwingine mdogo wa watoto, na mwisho wake umefungwa kibofu cha mnyama kinachojazwa dawa na kubanwa kwa mkono. Mpira mwekundu ulioning'inia nyuma ya milango ya hospitali nyingi za karne ya 20 haukuwa mbali sana na huo.

Kisha yuko Ibn Sina. Huyu hahitaji kutambulishwa kwa wasomaji wengi wa jarida hili. Alizaliwa karibu na Bukhara mwaka 980, akaandika Kanuni ya Tiba, kitabu kilichosomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa. Aliandika pia risala nzima juu ya msokoto wa tumbo, ugonjwa ambao matabibu wa zama zake waliuita kulanji. Katika Kanuni alieleza kwa makini lini bomba linafaa na linatiwaje. Kama kuna mtu duniani aliyejua kulitumia, ni yeye.

Mwanafunzi wake al-Juzjani ndiye aliyeandika jinsi mwalimu wake alivyoondoka. Ibn Sina alikuwa akimtumikia mtawala Ala al-Dawla, na katika msafara mmoja wa vita alishikwa na msokoto. Jeshi lilikuwa linarudi nyuma, naye aliogopa kuachwa njiani akiwa mgonjwa. Akataka kupona haraka. Kwa siku moja akajipiga bomba mara nane. Matumbo yakapata vidonda. Hata hivyo ilimbidi asafiri. Baadaye akaagiza achanganyiwe dawa nyingine ya kutia kwa bomba, na aliyeichanganya akazidisha kipimo cha mbegu mara nyingi kuliko alichoambiwa. Mtumishi mwingine akamzidishia afyuni katika dawa ya kunywa. Alipata nafuu akaanguka tena, akapata nafuu akaanguka tena, mpaka alipofika Hamadan akaacha kujitibu. Akafariki mwaka 1037 akiwa na umri wa miaka 57 hivi.

Nimeisoma habari hii mara nyingi. Hakuuawa na ujinga. Aliuawa na haraka, na imani kwamba kitu kilicholeta nafuu mara moja kitaleta nafuu mara nane zaidi kikifanywa mara nane. Bibi yangu huwa anasema mwendapole hajikwai. Katika msafara wa jeshi linalokimbia, nani ana nafasi ya kwenda pole?

Ulaya nako bomba likafika mahali likawa mtindo. Katika karne ya 17 nchini Ufaransa, watu wenye mali walipigwa bomba kwa sababu yoyote na bila sababu. Muuza dawa akija na bomba lake kubwa la bati alikuwa sehemu ya maisha ya mjini kama kinyozi. Wengine waliona haya kuhudumiwa, na mwaka 1668 daktari Mholanzi Regnier de Graaf akachapisha risala kuhusu bomba, akaeleza chombo chenye mrija unaopinda ambacho mtu anaweza kujitilia mwenyewe chumbani kwake.

Aliyewacheka wote alikuwa Molière. Tamthilia yake ya mwisho, ya mwaka 1673, inahusu bwana mmoja tajiri, Argan, anayejidhania mgonjwa. Pazia linapofunguka yuko peke yake mezani anahesabu bili za muuza dawa. Mwezi huu amekunywa dawa mara 8 na kupigwa bomba mara 12. Mwezi uliopita alikunywa dawa mara 12 na kupigwa bomba mara 20. Basi, anawaza, ndiyo maana mwezi huu hajisikii vizuri kama ule uliopita! Mwishoni kuna mtihani wa mzaha wa kumfanya mtu awe daktari, na kwa kila ugonjwa anaoulizwa jibu lake ni moja: bomba, kisha kutoa damu, kisha haluli. Watahiniwa wenzangu mtaielewa furaha ya mtihani wa namna hiyo. Molière mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kweli wa kifua. Alicheza nafasi ya Argan, na baada ya onyesho la nne, tarehe 17 Februari 1673, akafariki usiku ule ule.

Tungetegemea kwamba kuja kwa sayansi ya vijidudu kungemaliza jambo hili. Kinyume chake, kulilipa nguvu mpya. Katika karne ya 19 wataalamu walipogundua kwamba utumbo mpana umejaa bakteria, ile fikra ya zamani ya Misri ikavaa koti jeupe. Mwaka 1887 Charles Bouchard wa Paris alichapisha mihadhara yake juu ya mwili kujitia sumu wenyewe. Élie Metchnikoff, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi nyingine, aliamini kwamba uzee unaletwa kwa sehemu kubwa na bakteria wa utumbo mpana. London, daktari mpasuaji William Arbuthnot Lane wa Guy's Hospital akaona hata bomba halitoshi. Aliwapasua watu waliofunga choo, akawaondolea utumbo mpana wenyewe. Wapo waliopona na wapo waliokufa, kwa ugonjwa ambao bibi yangu alipona kwa dakika ishirini.

Marekani alikuwapo John Harvey Kellogg, ambaye jina la familia yake bado liko kwenye maboksi ya konfleksi. Tangu mwaka 1876 aliongoza hospitali ya mapumziko huko Battle Creek, Michigan, ambako matajiri walikwenda kusafishwa. Mazoezi, hewa safi, nafaka, matunda, na bomba juu ya bomba. Alitumia hata mtindi, kwa mdomo na kwa nyuma. Ushauri wake mwingi juu ya nafaka na mazoezi hata leo daktari atautoa. Lakini sababu aliyoitoa ilikuwa ile ile ya karatasi za mafunjo: uozo, sumu, maradhi yote.

Aliyekata mzizi wa fikra hiyo ni Walter Alvarez, daktari wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1919. Alichofanya ni kuuliza swali dogo ambalo lingeweza kuulizwa na yeyote tangu enzi za Iri: kwa nini nafuu inakuja haraka hivyo? Mtu mwenye sumu mwilini, kama mlevi, hawi mzima dakika ile anapoacha kunywa. Sumu iliyokwisha kuingia katika damu inataka saa nyingi kutoka. Lakini aliyefunga choo, akishapata choo tu, kichwa kinapoa na uso unang'aa. Basi sababu haiwezi kuwa sumu. Ni kujaa kwenyewe. Utumbo wa mwisho ukinyooshwa na mzigo, neva zinapeleka habari mbaya mwili mzima.

Mwaka 1922 Donaldson akachapisha jaribio lililolithibitisha hilo. Wanaume wenye afya walijizuia kwenda choo kwa saa 90. Wakapata maumivu ya kichwa, uzito, kukosa hamu ya chakula, hasira. Walipopigwa bomba wakapona upesi. Kisha wakajaziwa pamba safi mahali pale pale. Pamba haina sumu. Dalili zikarudi zile zile.

Pamba tu! Nadharia iliyoishi zaidi ya miaka 3,000, iliyopitia mikono ya makuhani na maprofesa, ikaangushwa na kifurushi cha pamba. Lane mwenyewe katika uzee wake aliweka kisu chini, akaanza kuwahubiria Waingereza wale matunda, mboga na unga usiokobolewa.

Lakini kuangushwa katika vitabu si kuangushwa wodini, na hapa narudi kwa bibi yangu. Bomba alilosema alipigwa kabla ya kumzaa mama halikuwa la ugonjwa. Hakuwa amefunga choo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, katika hospitali za Uingereza na nchi nyingi zilizofuata utaratibu wake, kila mwanamke aliyefika na uchungu alinyolewa na kupigwa bomba. Ilisemwa kwamba kunaharakisha uzazi na kuzuia uchafu na maambukizi. Mwaka 1981 Romney na Gordon walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza utafiti uliolinganisha wanawake waliopigwa bomba na wasiopigwa. Hawakuona faida hizo: uchungu haukuwa mfupi zaidi, na uchafu haukupungua kwa kiasi cha maana. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani likaliweka bomba la kila mzazi katika orodha ya mambo yenye madhara au yasiyo na faida, yanayopaswa kuachwa.

Nilimweleza bibi haya tulipokuwa jikoni baada ya Idi. Nilidhani atashangaa. Aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Sisi tulijua. Lakini nani angetuuliza?" Sina cha kuongeza kwenye maneno hayo.

Na leo? Leo nadharia ya sumu inauzwa kwenye simu zetu kila siku. Safisha utumbo, ondoa kilo za uchafu uliokwama miaka mingi, pata ngozi nyororo. Hata watu wa rika letu wananunua. Kuna wanaojitia kahawa kwa nyuma wakiamini inasafisha ini; mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu wawili waliokufa kutokana na mabomba ya kahawa, baada ya chumvi za mwili wao kuvurugika. Hata bomba la dukani si maji matupu. Aina iliyozoeleka ina chumvi ya fosfeti, inayovuta maji mwilini kuyaleta kwenye utumbo. Dozi moja kwa mtu anayefaa ni salama. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kwamba kuzidisha dozi moja ndani ya saa 24 kunaweza kudhuru figo na moyo, hata kuua, na walio hatarini zaidi ni wazee, watoto wadogo na wenye ugonjwa wa figo au waliopungukiwa maji. Karibu miaka 1,000 baada ya Ibn Sina, onyo ni lile lile: usirudie rudie.

Sitaki msomaji afunge ukurasa huu akidhani naliponda bomba. Lina kazi yake. Linafika utumbo wa mwisho tu, linalainisha kilichokauka, linanyoosha ukuta wa utumbo mpaka mwili ukumbuke kusukuma. Choo kikiwa kimekwama pale chini na dawa za kunywa hazikufaa, hakuna kinacholeta nafuu haraka kama hilo. Wamisri hawakuwa wajinga katika hilo, wala al-Zahrawi, wala yule nesi aliyesubiri magharibi. Ila linaondoa mzigo uliopo, haliondoi kilichouleta.

Na kilichouleta mzigo wa bibi kilikuwa kwenye kabati la jikoni. Vile vidonge vya goti ni vya jamii ya afyuni, na dawa za jamii hiyo hulaza utumbo. Ukiongeza saumu, maji machache usiku na mtu asiyetembea sana kwa sababu ya goti, siku tisa si muujiza. Daktari akabadilisha vidonge, akaongeza unga wa kuchanganya na maji unaolainisha choo. Mama akaongeza mapapai. Bibi akakubali, baada ya mjadala mrefu, kwamba ruhusa ya mgonjwa imewekwa ili itumiwe. Hakupigwa bomba tena.

Mimi nilibaki na jambo langu. Wengi wetu katika chama hiki tumewahi kuwa wakalimani wa wazee wetu, benki, ofisini, hospitalini. Kiswahili tulichonacho ni cha kusalimia, cha kula, cha kugombezwa. Cha mwili tulikinyimwa kwa adabu, kwa sababu mtoto hazungumzi mambo hayo na mkubwa. Adabu hiyo siilaumu, ndiyo iliyotulea. Lakini siku ile ilikaribia kumponza bibi yangu, kwa kuwa sikujua tofauti ya kwenda chooni na kupata choo. Mficha uchi hazai, wahenga walikwisha sema.

Kwa hiyo nimewaletea maneno machache, muyaweke mfukoni. Kufunga choo. Kupata choo. Choo kigumu. Kuharisha. Haluli, ambayo ni dawa ya kunywa ya kufungua tumbo. Sanamaki na mafuta ya mbarika, ambayo bibi zenu wote wanayajua. Na bomba. Mkienda nyumbani likizo hii, waulizeni wazee wenu wawaongezee mengine, kabla daktari hajawauliza ninyi.